Jina Lililoandikwa kwa Penseli

Mimi si mtu wa subira, na hili nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza mwishoni. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wasafiri, na msafiri nilimtaka anijie na mambo matatu: jina lake, pasi yake, na anakokwenda. Bi Mwatum alikuja na yote matatu, lakini akaja na la nne ambalo halikuwa na nafasi kwenye fomu zangu. Hakujua apande meli gani.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1967. Ofisi yetu ya uwakala wa meli ilikuwa mtaa wa Malindi, hapa Unguja mjini, hatua chache kutoka lango la bandari, na mwenyewe alikuwa Bwana Champsi, mzee wa Kihindi aliyebakia mjini baada ya jamaa zake wengi kuondoka. Mimi nilikuwa karani wake wa abiria. Bi Mwatum alikuwa mjane wa makamo ya kuzeeka, anakaa Mkunazini, anashona kofia za mkono, zile nyeupe za vitundu vidogo vidogo ambazo moja humchukua mtu miezi. Aliingia na baibui lake, akanijibu "Marahaba" kabla sijamaliza kumwamkia, akakaa kwenye benchi la wateja na kutoa kofia aliyokuwa akiishona. Nilijua hapo hapo kwamba huyu hakuja kwa dakika tano.

Meli zilikuwa mbili. Ya kwanza tukiiita ya safari fupi. Ingeondoka Unguja Jumatano ya tarehe 17 Mei, ipite Mombasa na Aden, iingie Mfereji wa Suez na kutokea Port Said. Pale ingekaa muda wa saa sita tu, iteremshe mizigo, ipakie mingine, igeuke na kurudi kwa njia ile ile. Mwezi mmoja, abiria yuko kwake. Ya pili, ya safari ndefu, ingeondoka katikati ya Juni na kupita mfereji huo huo, lakini ingelala Port Said siku mbili, iende Beirut na Alexandria, kisha irudi Port Said ilale siku mbili nyingine kabla ya kugeuza. Hiyo ilikuwa miezi miwili na ushei.

Na Port Said ndiko alikokuwa Mcha, mwanawe wa pekee. Mcha aliondoka kwao na miaka kumi na minane akawa baharia, akaishia huko kwenye ghala la bandarini, akaoa huko huko. Alikuwa hajarudi kwa miaka kumi na minne. Siku hizo hata angetaka kurudi hakuweza, maana pasi yake ilikuwa ya serikali iliyokwisha ondoka, na haikuwa na kazi tena. Basi akaleta nauli na barua: mama aje yeye, naye Mcha atapanda melini amwone. Bi Mwatum alikwisha pata ruhusa ya kusafiri, alikwisha pata pasi mpya. Kilichobaki kilikuwa neno moja tu, fupi au ndefu, na neno hilo halikumtoka.

"Huo mfereji," aliniuliza siku ya kwanza, "ndio mfereji gani wa kupita meli? Wa kwetu Mkunazini haupiti hata maji."

Nilicheka, nikamwonyesha ramani ya ukutani. Nikamwambia ni mkondo uliochimbwa na watu katikati ya mchanga, bahari upande huu na bahari upande ule, na meli hupita kwa foleni, asubuhi ikaingia na jioni ikatoka. Akaitazama ramani muda mrefu. Halafu akaniuliza kama mtu aliyesimama pembeni mwa mfereji anaweza kumtambua aliyeko melini. Nikasema sijui, sijawahi kufika. Na kweli sikuwahi kufika hata Mombasa. Nilikuwa nikiwaandikia watu safari za dunia nzima, na mwenyewe safari yangu ndefu ilikuwa ya Chwaka, kwa mazishi.

"Niandike fupi," akasema.

Nikamwandika. Kesho yake asubuhi, kabla sijafungua madirisha yote, yuko mlangoni.

"Mwanangu Masoud, nimelala nikafikiri. Saa sita hazitoshi. Niandike ndefu."

Nikafuta, nikaandika ndefu. Siku ya tatu akasema miezi miwili baharini kwa mtu wa umri wake ni kujitafutia maradhi, nimrejeshe fupi. Bwana Champsi alikuwa ameninunulia kalamu nzuri ya wino, lakini kwa Bi Mwatum niliiweka kando. Nikachukua penseli na raba ya kufutia, na tangu siku hiyo jina lake pekee katika orodha zangu lilikuwa la penseli. Lilikuwa linahama kutoka karatasi hii kwenda ile, kila mara limefifia zaidi kidogo, na karatasi imekwaruzika.

Wiki tatu zilikwenda hivyo. Nilimwuliza kila swali nililolijua. Je, anaogopa bahari? Hapana, baba yake alikuwa nahodha. Je, ana mgonjwa wa kumwacha? Hana. Je, kuna watu wanaomlazimisha? Nani wa kumlazimisha? Akija anakaa, anashona, wateja wengine wanaingia na kutoka, na kila baada ya muda ananyanyua kichwa ananiuliza jambo ambalo halikuhusu meli. Saa sita zinaanza kuhesabiwa tangu nanga iteremke, au tangu ngazi iteremke? Mtu akilia, wenyewe wa meli wanaruhusu? Niliona anafanya maskhara na kazi yangu. Siku moja aliniita nje ya meza, akanivisha ile kofia kichwani bila ya kuniomba ruhusa.

"Kichwa chake kilikuwa kama hiki chako," akasema. "Sijui sasa. Vichwa havikui sana, au vinakua?"

"Sijui, Bi Mwatum."

"Hujui kitu, wewe. Na umesoma."

Ikafika Jumatano ya tarehe 10 Mei. Wiki moja ilibaki, na wakuu wa meli walitaka orodha siku ya pili yake. Ofisi ilijaa watu, joto limepanda, Bwana Champsi ananiita kutoka chumba cha ndani, na Bi Mwatum amekaa pale pale kwenye benchi, na jina lake siku hiyo lilikuwa kwenye safari fupi.

"Masoud," akasema, "unaonaje wewe? Ungekuwa ni mama yako, ungemwandika wapi?"

Hapo ndipo hasira iliponishika. Sikutaka kuwa mwana wa mtu yeyote saa ile, nilitaka benchi liwe wazi. Nikatafuta neno la kulifunga jambo lile moja kwa moja, na neno likanijia upesi.

"Bi Mwatum, umehesabu mwezi? Meli fupi inaondoka Mfungo Tano. Tena Jumatano. Ndefu inaondoka Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume."

Kwa asiyejua kwetu, nieleze. Mfungo Tano ndio mwezi wa Safar, na wazee wetu hawausafiri mwezi huo ila kwa dharura. Harusi haifungwi, nyumba haihamwi. Jumatano yake ya mwisho watu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani, wakasuuza na kunywa maji yake, ndilo kombe, ili balaa liwapite. Mimi mambo hayo nilikuwa nimeyaacha, au nilijidai nimeyaacha. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nasoma magazeti, nikimwona mama anakunywa kombe lake nikitabasamu. Lakini nilijua neno lile lina nguvu kwa mwanamke wa umri wake, na kwa sababu hiyo tu nikalisema.

Akaitia sindano kwenye kitambaa, akakunja kofia, akaiweka kwenye kikapu.

"Basi niandike ndefu," akasema. "Ndio mwisho. Sirudi tena."

Nikaandika jina lake kwenye orodha ya safari ndefu mbele ya macho yake. Nikachukua raba nilifute kwenye ile fupi. Bwana Champsi akaniita mara ya tatu, safari hii kwa jina langu na la baba yangu, nikaiweka raba juu ya karatasi nikaenda. Niliporudi palikuwa na watu wanne mezani. Kesho yake orodha ikachukuliwa. Sikulifuta.

Bi Mwatum alimwandikia mwanawe barua jioni ile ile, kwa hati zake za Kiarabu alizofundishwa chuoni, kwamba asimtarajie Mei, atakuja Juni. Barua za kwenda Misri wakati ule zilichukua mwezi, mara nyingine zaidi. Ningeweza kumshauri apige simu ya maandishi, posta ilikuwa pale pale. Halikunijia. Nilikuwa nafurahia benchi langu tupu.

Safari fupi ikaondoka tarehe yake, bila ya mvua wala upepo wa kutisha. Wiki tatu baadaye, Jumatatu ya tarehe 5 Juni, redio ya Bwana Champsi ilitangaza vita huko Misri. Siku chache mbele yake wakatangaza kuwa mfereji umefungwa. Yale majina ya ramani ya ukutani, ambayo nilikuwa nikiyaonyesha kwa rula, sasa yalikuwa yanasomwa kwenye habari, na mengine yalikuwa yanapigwa mabomu. Safari ndefu ikafutwa. Kampuni nyingine zikaanza kuzungusha meli zao kwa kusini, kuizunguka Afrika nzima, lakini meli hizo hazikuwa na haja ya kupita Port Said.

Bi Mwatum alikuja siku ya pili ya habari zile. Hakukaa.

"Ile fupi ilipita?"

"Ilipita, Bi Mwatum. Ilifika tarehe 31 Mei na kuondoka siku ile ile. Iko njiani inarudi."

"Ilipita," akasema, kama anayejaribu kulielewa neno. Halafu akaniaga.

Mimi nilibaki nimechanganyikiwa. Nilijaribu kujipa moyo: nimemwepusha na vita. Lakini hapakuwa na vita siku ile meli ilipofika, vita vilikuja siku tano baadaye, na yeye angekuwa tayari yuko Bahari ya Shamu anarudi. Basi nikasema Mungu ndiye aliyepanga. Lakini aliyesema Mfungo Tano nilikuwa mimi, kwa mdomo wangu, tena kwa uongo, maana sikuamini nilichokisema. Au niliamini? Siku zile usiponiuliza nilikuwa siamini. Ukiniuliza nikawa sijui. Na kama kulikuwa na mkosi katika mwezi ule, ulimwangukia aliyesafiri au aliyebaki? Nilizunguka nalo hilo kichwani mpaka nikawa nakosea hata kujumlisha.

Meli ilirudi katikati ya Juni. Mhudumu wake mmoja, Machano, mtu wa Kizimkazi niliyemjua tangu zamani, alikuja ofisini kurudisha karatasi za abiria. Aliweka orodha mezani, akaweka kidole kwenye jina la penseli.

"Huyu Bi Mwatum ni nani?" akaniuliza.

"Kwa nini?"

"Kule Port Said, ngazi ilipoteremka tu, alipanda mtu anamwuliza. Mtu wa kwetu, Kiswahili chake kimezeeka kidogo. Mtoto wake wa kike amemshika mkono, wa miaka sita hivi. Mkubwa wetu akatazama orodha, akamwambia ndio, yumo, kitanda namba kumi na nne. Nikampeleka mimi. Kitanda kitupu. Nikamwambia labda yuko juu, tukazunguka meli nzima. Nikamwambia labda kateremka Aden. Akasema mama yangu hawezi kuteremka Aden. Akarudi chumbani, akakaa kitini mbele ya kitanda, akangoja."

"Akangoja mpaka lini?"

"Mpaka honi. Mtoto kalala kitandani na viatu vyake. Tulipomwambia ateremke, akaniambia: mwambieni mama nilikuja."

Nilimwomba Machano asimwambie mtu. Nilimsihi, na mimi si mtu wa kusihi. Nikamwambia nitamwambia mwenyewe, ni kosa langu, nitalieleza kwa namna yake. Machano akanitazama, akasema haya. Niliichukua ile orodha nikaitia kwenye faili la chini kabisa, juu yake nikaweka mafaili mengine.

Sikumwambia. Wiki ile nilisema wiki ijayo. Kisha Bi Mwatum akaanza mtindo wake mpya: kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, anaingia ofisini.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Mfereji umefunguliwa?"

"Bado."

Anakaa kidogo, ananitazama, anasubiri. Mimi nashika karatasi ambazo hazina kazi. Kisha anaondoka. Mwezi wa pili hivyo hivyo, mwaka wa pili hivyo hivyo. Nilioa, nikapata mtoto, na siku hiyo ya mwezi bado ilikuwa ikinikosesha chai ya asubuhi. Niliwahi kumkasirikia, nakiri. Mtu gani asiyesikiliza redio? Watoto wa mtaani walijua kuwa mfereji umefungwa, meli zimekwama ndani yake, majeshi yako pande zote mbili. Yeye kila mwezi anakuja kuuliza kama aliyesikia jana.

Miaka karibu minne ilipita hivyo. Februari ya mwaka 1971 Bwana Champsi akaamua kufunga ofisi akaishi kwa binti yake Dar es Salaam. Akanipa kazi ya kusafisha mafaili: yenye kazi tuyakabidhi, yasiyo na kazi tuyachome. Nilipofika kwenye faili la chini kabisa ilikuwa Jumatatu, Jumatatu ya kwanza, na sikuwa nimekumbuka. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu Bi Mwatum alipoingia. Alikuwa amekonda. Siku hizo alikuwa akitembea na mkono ukutani.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Mfereji umefunguliwa?"

Sijui ni ile karatasi, au ni ule moshi wa mafaili uliokuwa ukitoka uani. Nilishindwa kusema "Bado." Nikamwambia akae. Nikamwambia yote: jina ambalo sikulifuta, Machano na habari zake, kitanda namba kumi na nne, mtu aliyezunguka meli nzima, mtoto aliyelala na viatu. Nikamwambia na lile la Mfungo Tano, kwamba nililisema kwa hasira, kumwondoa tu. Nilisema kwa haraka na bila ya mpango, na kuna mahali nililia, na sioni haya kulisema.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakushtuka hata mara moja.

"Nshajua," akasema. "Barua yake ilinifika Agosti ya mwaka ule ule. Kaniandikia yote, mpaka na viatu."

"Ulijua? Basi ulikuwa unakuja kuuliza nini, miaka yote hii?"

"Nlikuwa nnakuja ili uniambie. Nlikuona siku ya kwanza tu una neno. Mcha naye alikuwa hivyo. Akikosa, ananyamaza, anashikashika vitu."

Nilitazama mikono yangu na kweli ilikuwa inashika kibanio cha karatasi.

"Na hilo la Mfungo Tano," akaendelea, "usilibebe. Mimi mifungo naihesabu kabla hujazaliwa. Nlijua tangu Aprili kuwa meli inaondoka Mfungo Tano, na nlikuwa nshakata shauri la kunywa kombe langu na kwenda. Nlikuwa nnatafuta sababu ya kutokwenda, ukanipa."

"Sababu ya kutokwenda kwa mwanao?"

Nje gari la karafuu lilikuwa likipita, na alisubiri lipite.

"Alipotaka kupanda meli yake ya mwanzo nlimwambia, ukipanda usinikanyagie mlango wangu tena. Nlisema kwa hasira, kama wewe. Naye akanitii. Miaka kumi na minne ananitii. Sasa mtu kama huyo unamwambia nini ndani ya saa sita? Nlihesabu. Saa ya kwanza tutalia. Ya pili tutaulizana habari za watu waliokufa. Nlijua nitaogopa mpaka ya tano, na ya sita honi italia na neno lenyewe sijalisema. Kwenye ndefu kulikuwa na siku nne. Nlidhani siku nne zitatosha."

"Ungeliandika barua, Bi Mwatum."

"Nshaliandika. Haliandikiki. Ukisoma unaona mtu anajitetea tu."

Akanyoosha mkono, nikampa ile orodha. Hati za kizungu alikuwa hazijui. Nikamwonyesha mstari wake kwa kidole. Penseli ilikuwa karibu imepotea, na karatasi pale mahali ilikuwa nyembamba kwa kufutwafutwa.

"Alikaa zote sita?" akaniuliza. "Barua haisemi. Machano alikwambia nini?"

"Zote. Tangu ngazi ilipoteremka mpaka honi."

"Bila ya kusema neno?"

"Alikaa tu, mbele ya kitanda."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta la kumwambia. Hakulia.

"Basi zilikuwa zinatosha," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa sijui."

Bwana Champsi alipita na mafungu ya karatasi kuyapeleka uani, akaitazama ile aliyoishika Bi Mwatum, akaona uso wake, akapita bila ya kuidai. Bi Mwatum akaniuliza kama bado ninayo ile kalamu ya wino. Nikasema ninayo.

"Niandike."

"Nikuandike wapi, Bi Mwatum? Meli ile ilikwenda na ikarudi."

"Hapo hapo. Fupi. Usinitie tena kwa penseli."

Nikaitandaza karatasi mezani na kuishika kwa mkono wa kushoto isichanike. Nikapita juu ya jina lake kwa wino, herufi moja moja, jina lake na la baba yake, halafu nikapita juu ya namba kumi na nne. Bi Mwatum aliinama karibu, akaangalia mpaka wino ukakauka.